Treni haina usukani, basi nani huikata kona?

Matatu ina usukani. Boda ina usukani. Hata mkokoteni wa mitungi ya maji una mwenyewe anayeuvuta kushoto au kulia. Treni haina.

Siku utakayopanda Madaraka Express kwenda Mombasa, kumbuka jambo hilo. Yule dereva aliye mbele anaweza kuongeza kasi na anaweza kushika breki, basi. Kona hakati. Hawezi kumkwepa ng'ombe, hawezi kuchagua kuingia stesheni kwa reli ya kushoto au ya kulia. Uamuzi huo umefanywa kabla hajafika, na umefanywa na vipande viwili vya chuma vilivyochongwa ncha kama kisu, vilivyolala chini kwenye kokoto.

Vipande hivyo ndivyo moyo wa kifaa ambacho watu wa reli hukiita pointi: pale njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili. Umepita juu ya pointi mara nyingi bila kujua. Ule mlio wa "ka-ta-ta-tang" unaousikia treni ikikaribia stesheni, huku kikombe chako cha chai kikicheza kidogo mezani, aghalabu ni wenyewe.

Pointi ikiwa fiti, huigundui. Ikiharibika, inaweza kuua watu kwa sekunde chache. Na ukisoma ripoti za ajali zilizotokea hivyo, utashangaa jinsi chanzo kinavyokuwa kidogo: nati iliyolegea, na mtu ambaye hakwenda kuitazama.

Mbona tunazihitaji?

Reli ya SGR kati ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa Mei 31, 2017, ina urefu wa kilomita 472 hivi, na sehemu kubwa yake ni njia moja tu. Njia moja, lakini treni zinatoka pande zote mbili. Tena hazina mwendo sawa. Ya abiria inafika kilomita 120 kwa saa, ya mizigo inajikokota kwa 80.

Wewe unajua hali hii. Ni kama ile barabara nyembamba ya mtaani ambapo magari mawili hayawezi kupishana. Lazima mmoja aingie kwenye geti la mtu angoje mwenzake apite. Kwenye reli, hilo geti ni stesheni, ambako kuna njia ya kando. Treni ya mizigo inaingia pembeni na kutulia, ya abiria inapita moja kwa moja. Na mlango wa kuingia na kutoka kwenye njia hiyo ya kando ni pointi.

Bila pointi, reli ni uzi mmoja tu usio na maana. Fikiria Nakuru, mahali ambapo reli ya zamani inagawanyika, mkono mmoja ukielekea Kisumu na mwingine Eldoret hadi Malaba. Au fikiria Nairobi asubuhi, treni za kutoka Ruiru, Embakasi Village, Syokimau na Kikuyu zote zikitaka kuingia stesheni moja. Kuna chuma mahali kinachosema: wewe pita hapa, wewe pale.

Ndimi mbili na chura mmoja

Ukilitazama gurudumu la treni kwa karibu, utaona lina ukingo upande wa ndani, kama sahani yenye mdomo. Ukingo huo ndio unaolizuia gurudumu lisiteleze nje ya reli. Pointi inatumia ukingo huohuo kuiongoza treni.

Zile ncha mbili nyembamba huitwa ndimi. Zinakaa katikati ya reli mbili kubwa zisizosogea. Zimeunganishwa kwa fito za chuma ili zitembee pamoja: ulimi wa kushoto ukijibana kwenye reli yake, wa kulia unaachana na yake. Mota ikizisukuma upande wa pili, mambo yanageuka. Ulimi uliobana unalipokea gurudumu na kulipeleka njia yake. Ulimi uliofunguka unaacha pengo ili ukingo wa gurudumu la upande wake upite bila kugonga kitu.

Hapo ndipo noma ilipo. Ulimi uliobana lazima ubane kabisa. Ukiacha nafasi ya milimita chache, ukingo wa gurudumu unaweza kuingia katikati na kuupanda. Na ulimi uliofunguka lazima ubaki wazi vya kutosha. Ukirudi karibu na reli yake, gurudumu la upande huu linavutwa huku na la upande ule linavutwa kule. Treni haiwezi kwenda njia mbili kwa pamoja, kwa hivyo inatoka kwenye reli.

Mbele kidogo ya ndimi kuna mahali ambapo reli ya njia hii inaikata reli ya njia ile. Wamarekani hupaita "chura", na ukipatazama kutoka juu utakubali kwamba panafanana na chura aliyejibanza. Hapo reli ina mwanya, na kila gurudumu linauruka mwanya huo na kutua kwa kishindo. Ndio ule mlio. Uzito wa treni nzima unapapiga hapo, gurudumu baada ya gurudumu, mchana na usiku.

Chuma cha kawaida hakidumu na kipigo hicho. Ndiyo maana mara nyingi chura hutengenezwa kwa chuma kilichochanganywa na manganizi, uvumbuzi wa Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka wa 1882. Ajabu ya chuma hicho ni kwamba uso wake unazidi kuwa mgumu kadiri unavyopigwa. Kwenye reli za mwendo wa kasi kama za Ufaransa na Ujerumani wamekwenda mbele zaidi: ncha ya chura yenyewe inasogea na kuuziba mwanya, na zipo pointi zinazopitisha treni kwenda njia ya kando kwa zaidi ya kilomita 200 kwa saa.

Teknolojia hiyo yote, lakini mwisho wa siku vitu hivi vimeshikwa kwa nati na bolti. Na nati, kama fundi yeyote wa Grogan atakavyokuambia, hulegea ikitikiswa.

Potters Bar, halafu Grayrigg

Twende Uingereza, kwa sababu huko ajali mbili zilichunguzwa hadi nati ya mwisho na matokeo yakawekwa wazi.

Mei 10, 2002, treni ya mabehewa manne iliondoka London kuelekea King's Lynn. Ilipofika Potters Bar, kaskazini mwa jiji hilo, ilikuwa ikienda zaidi ya kilomita 150 kwa saa. Mabehewa ya mbele yalipita salama. Kisha pointi iliyo karibu na stesheni ikasogea huku treni ingali juu yake. Behewa la mwisho likaacha njia, likapinduka na kuburuzika hadi kwenye jukwaa la abiria. Watu saba walikufa, mmoja wao akiwa mwanamke aliyekuwa anapita zake chini ya daraja la reli, akaangukiwa na vifusi.

Wachunguzi walipata nini? Nati zinazoshika fito za ndimi hazikuwa mahali pake. Kampuni iliyopewa kandarasi ya matengenezo ilidai mwanzoni kwamba huenda kuna mtu aliyeharibu pointi makusudi. Uchunguzi haukupata ushahidi wa hilo. Ilikuwa hali mbovu ya pointi na utunzaji mbovu.

Kinachouma zaidi ni hiki. Jioni ya kuamkia ajali, mfanyakazi mmoja wa reli aliyekuwa akisafiri kama abiria aliona treni imetikisika vibaya pale Potters Bar. Hakunyamaza, aliripoti. Mafundi wakatumwa. Lakini ujumbe ulipotoka mdomo huu hadi sikio lile ulipinda, nao wakaenda kukagua sehemu isiyo yenyewe. Hawakuona tatizo, wakaondoka.

Ungedhani baada ya hapo somo limeeleweka. Ikapita miaka mitano.

Februari 23, 2007, jioni, treni ya Pendolino ya mabehewa tisa ilikuwa safarini kutoka London kwenda Glasgow, ikiwa na watu zaidi ya 100. Karibu na kijiji cha Grayrigg, mkoa wa Cumbria, ikiwa katika kasi ya kilomita 153 kwa saa, ilipita juu ya pointi iliyojulikana kama Lambrigg 2B. Mabehewa yote tisa yaliacha njia, mengi yakaporomoka kwenye tuta. Abiria mmoja, ajuza wa zaidi ya miaka 80, alifariki. Watu 30 walipata majeraha mabaya.

Shirika la uchunguzi wa ajali za reli la Uingereza, RAIB, lilieleza jinsi mambo yalivyokwenda, na ni stori ya kukunyima usingizi kwa sababu hakuna hata hatua moja iliyo kubwa. Kwanza, nati na bolti za ufito mmoja zililegea na kuachana. Pili, pengo la ndimi halikuwa limerekebishwa sawasawa, kwa hivyo magurudumu yaliyokuwa yakipita yaliugonga ulimi kwa upande wake wa ndani. Kila treni ilipopita iligonga, na kila kigongo kiliumiza fito zilizobaki. Moja ikaenda, nyingine ikafuata. Ulimi mmoja ukabaki hauna wa kuushika.

Tatu, ukaguzi. Jumapili ya Februari 18, siku tano kabla ya ajali, kulikuwa na ukaguzi wa kawaida uliopangwa, wa mtu kutembea kwa miguu na kutazama kwa macho. Msimamizi mmoja alikuwa amejitolea kuuchanganya na ukaguzi wake mwenyewe ili kazi ifanyike mara moja. Siku ilipofika hakufika kwenye pointi ile.

Usikimbilie kumlaumu yeye pekee. Wachunguzi hawakuishia kwake. Walionyesha kwamba usimamizi wa kazi ulikuwa na mianya, na kwamba wakubwa wa reli wenyewe hawakuwa wameelewa vyema nguvu zinazozipiga zile fito, wala jinsi bolti zake zinavyolegea. Muundo wenyewe ulikuwa unahitaji kubadilishwa. Baadaye Uingereza ilileta fito za aina mpya, za bomba la chuma, zenye viungio imara zaidi. Mwaka wa 2012 mahakama iliitoza Network Rail, shirika linalomiliki reli hizo, faini ya pauni milioni 4 kwa ajali ya Grayrigg. Mwaka uliotangulia lilikuwa limetozwa milioni 3 kwa ile ya Potters Bar.

Kamera iliona, mtu hakuona

Kuna kipande cha stori ya Grayrigg nilichokiweka kando makusudi.

Siku mbili kabla ya ajali, Februari 21, treni maalum ya vipimo ilipita juu ya pointi ileile. Ni treni ya manjano iliyojaa leza na kamera, inayopima reli huku ikitembea. Kamera yake ilirekodi. Baadaye, video ilipochezwa polepole, ilionekana wazi kwamba kuna vyuma havipo mahali pake.

Lakini video hiyo haikuwa imekusudiwa kukagua pointi. Hakukuwa na mtu aliyepangiwa kuitazama kabla ya ajali. Ushahidi ulikuwepo ndani ya mashine kwa siku mbili, na treni zikaendelea kupita.

Weka hilo akilini, kwa sababu leo kila mtu anakuambia kwamba teknolojia itamaliza tatizo. Na kusema kweli, teknolojia ya siku hizi ni kali.

Chukua mota inayosukuma ndimi. Unaujua mlango wa nyumba ya kupanga unaogoma msimu wa mvua, mpaka uusukume kwa bega? Mota ya pointi ni hivyohivyo. Grisi ikikauka, kokoto ikiingia, au kiungo kikianza kupinda, mota inatumia nguvu zaidi, na nguvu zaidi ni umeme zaidi. Basi wahandisi wanaweka kifaa kinachopima umeme huo kila pointi inapogeuzwa. Kinachora mstari: unapanda mota inapoanza, unatulia ndimi zikitembea, unashuka zikifika. Pointi nzima ina mstari wake, kama mtu alivyo na mwandiko wake. Mstari ukianza kupanda, au safari ya sekunde chache ikianza kuchelewa, kompyuta inatoa tahadhari kabla treni yoyote haijakwama.

Kuna vihisi vinavyosikiliza mtikisiko wa chura, na vingine vinavyopima joto la reli. Kuna kamera zinazopita kwa kasi na programu zinazohesabu nati, zikitafuta iliyokosekana. Kazi ambayo mwaka wa 2007 video iliilalia, sasa kompyuta inaweza kuifanya kabla ya chakula cha mchana.

Lakini tahadhari ni ujumbe tu kwenye skrini. Wewe mwenyewe una jumbe ngapi ambazo hujazisoma kwenye simu? Mfumo ukitoa kengele za uongo kila siku, watu wanazizoea na kuzipuuza. Na mota inaweza kugeuka vizuri kabisa huku ufito ulio mbali nayo ukiwa umeanza kuachia. Ndiyo maana hata nchi zenye mitambo hiyo bado zinatuma watu watembee kando ya reli na tochi, spana na kipimo cha upana.

Mashine nayo hudanganywa

India ilitukumbusha jambo lingine, Juni 2, 2023. Katika stesheni ya Bahanaga Bazar, wilaya ya Balasore, jimbo la Odisha, treni ya abiria ya Coromandel Express ilipewa ishara ya kupita moja kwa moja. Lakini pointi ilikuwa imeelekezwa njia ya kando, ambako treni ya mizigo ilikuwa imesimama. Iligonga kwa kasi kubwa, na mabehewa yaliyotupwa yakagongana na treni ya tatu. Karibu watu 300 walipoteza maisha.

Kwa kawaida hilo haliwezi kutokea. Kuna mfumo unaofungamanisha taa na pointi: kama ndimi hazijabana upande unaofaa, taa haiwezi kuruhusu treni ipite. Uchunguzi wa usalama wa reli wa India uligundua kwamba nyaya za mfumo huo zilikuwa zimebadilishwa kimakosa wakati wa matengenezo. Mashine ilisema kweli kulingana na nyaya ilizounganishwa nazo. Aliyeziunganisha ndiye aliyekosea, na hazikupimwa inavyofaa kabla ya treni kuruhusiwa kupita.

Nimeitaja kwa sababu mpangilio ule, treni ya mizigo pembeni na ya abiria ikipita katikati, ndio mpangilio wa kila siku kwenye njia yetu ya kwenda Pwani.

Na hapa kwetu?

Adui wa pointi Ulaya ni barafu, na huko huzipasha moto wakati wa baridi. Yetu ni maadui wengine. Jua ni mmoja. Chuma hutanuka kikipata joto: reli ya mita 100 iliyo huru hurefuka sentimita moja hivi joto likipanda kwa nyuzi 10. Sasa fikiria alfajiri ya baridi na adhuhuri ya Mtito Andei, halafu kifaa kinachodai usahihi wa milimita. Kuna vumbi linalokula grisi. Kuna mvua kubwa zinazobeba udongo ulio chini ya kokoto. Na mijini kuna chupa za plastiki na matambara, takataka zetu wenyewe, ambazo zinaweza kukwama katikati ya ulimi na reli yake.

Halafu kuna sisi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya miundombinu ya umma kuharibiwa. Bolti ya reli kwenye mizani ya vyuma chakavu ni pesa ya soda. Kwenye pointi, umesoma ilivyotokea ikikosekana.

Kwa hivyo ukiishi karibu na reli, Kibera au Mutindwa au kwingineko, usikubali mtoto aweke mawe pale njia zinapogawanyika "kuona yatakavyosagwa". Na ukiwa ndani ya treni uhisi kishindo ambacho jana hakikuwepo, mwambie mhudumu. Lakini kumbuka yule jamaa wa Potters Bar. Usiseme tu "treni imetikisika". Sema wapi: kabla au baada ya stesheni gani, upande upi, saa ngapi, behewa namba gani. Ripoti isiyo na mahali huwapeleka mafundi mahali pasipo penyewe.

Na kama wewe ni mmoja wa wale wanaotafuta kozi na umechoka kuambiwa "soma kompyuta", hapa kuna kazi inayotaka kompyuta na mikono. Mtu wa kusoma ule mstari wa umeme na kusema "hii pointi haitamaliza wiki". Mtu wa kuchomelea chura kabla hajapasuka. Mtu wa kushindilia kokoto. Railway Training Institute iliyo South B, Nairobi, imekuwa ikifunza watu wa reli tangu mwaka wa 1956, na vyuo vya ufundi vinatoa mafundi umeme na mitambo kila mwaka.

Onyo ni moja tu. Ukiifanya kazi hiyo vizuri, hakuna atakayejua. Hutapigiwa makofi kwa treni ambayo haikuanguka. Utatembea kilomita zako juani, ukague nati iliyo sawa, uandike "sawa", uende kwa inayofuata. Wiki ijayo utarudi kwa ileile. Siku utakayosema "ya leo niiache, ilikuwa sawa juzi", kumbuka ile Jumapili ya Februari 18.

Na wewe abiria, safari ijayo, treni ikipunguza mwendo karibu na Voi na usikie "ka-ta-ta-tang" chini ya kiti chako, usishtuke. Ni magurudumu yanamruka chura. Mlio huo ukiwa uleule wa siku zote, kuna mtu ambaye hukumwona aliyepita pale kwa miguu, akainama, akaitazama ile nati.